Mrija wa Kwanza

Kaka Rénovat,

Minye na watoto tuko wazima. Weye je, huko kambi ya wakimbizi Kigoma?

Kabare ya pombe ya Baba imesimama tena pale kwenye kona, hapa Bwegera. Mabati iko mapya, lakini benchi yake nimeiacha vile vile, na tundu ya risasi. Nimepika impeke, ile pombe yetu ya mtama, kama Mama alivyotufundisha. Unakumbuka mirija kumi ndani ya nyungu moja, Barundi na Bafuliiru wakibishana juu ya mvua na mupunga?

Siku ya kufungua, watu walikaa mbali na nyungu. Tangu vita wanasema pombe yetu Barundi iko na sumu. Sikubembeleza mutu. Nikainama nionje, maana desturi inataka mwenye pombe aonje wa kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu. Mzee Cyprien, yule jirani yetu Mfuliiru, akanishika mkono: "Baba yako alininywesha miaka yote. Weye ndiye utaniua?" Akashika mrija, akavuta yeye wa kwanza.

Kaka, usiniandikie tena kwamba hakuna pa kurudia. Minye mwenye pombe nilikunywa wa pili.

Dada yako,
Candide