Filimbi ya Enesi Haikusikika

Rozi, ndiyo kwanza watu wametoka kanisani. Enesi wetu amejifungia chumbani.

Si unajua, tangu wamtoe uvimbe wa koo mjukuu wetu amebaki na mnong'ono tu. Mwalimu Lusubilo wa kwaya akamwonea huruma. Akachukua ule wimbo wa kale wa Wajerumani, wa sauti nne, akaupanga upya. Sauti ya kwanza, ile aliyokuwa akiimba Enesi, akaipa filimbi. Zilizobaki akazipa kinubi. "Sasa utaimba kwa vidole," alimwambia.

Lakini wimbo wenyewe umo kitabuni, Rozi. Na watu wa Iyula unawajua, wakisikia wimbo wa kitabuni wanasimama na kuimba. Mwalimu hakulifikiria hilo.

Enesi alipuliza mstari mmoja. Mstari mmoja tu, Rozi. Kanisa zima likasimama, sauti zote nne, hadi mabati yakavuma. Yeye anapuliza, pumzi zinamwishia, na hakuna anayemsikia.

Mzee Mbonile peke yake aliacha kuimba, akaketi, akatega sikio.

Nje Enesi akamnong'oneza, "Babu, ulinisikia?"

"Niliona vidole vyako, mama. Vilikwenda vizuri."

Wengine wote wakampa mkono. "Asante, leo umetuimbisha." Kila mtu hilo hilo, umetuimbisha.

Enesi akarudisha filimbi. Mwalimu akasema Jumapili ijayo atawaomba watu wanyamaze.

"Usiwanyamazishe, Mwalimu. Ningekuwa na sauti, hata mimi ningesimama."