Rangi Juu ya Paji la Uso

Jumatatu, 6 Oktoba

Jenereta imezimika tena. Kompyuta ilikuwa na chaji, nikaendelea. Kazi ni ile ile: rangi inayofifia juu ya picha, ile ofisini tunayoiita gredienti. Buluu nzito juu kabisa ya skrini, inapungua polepole, ikifika kwenye macho ya mtu imekwisha. Jina linakaa ndani ya buluu kwa herufi nyeupe. Zamani lilikuwa kwenye mkanda mweupe, baya, utadhani bei imebandikwa kwenye sabuni. Sasa panapendeza. Nimebadilisha buluu mpaka macho yanauma.

Programu yenyewe ni ya kutafuta waliopotea. Vituo vya ng'ambo ya mpaka, Uganda, vinapiga picha wazee na wagonjwa wasio na mtu. Wengine hata majina yao hawawezi kuyasema. Ndugu anafungua simu, anapitisha uso mmoja baada ya mwingine. Wafadhili wanakuja kuiona Jumanne ijayo.

Mama naye anatafuta. Mjomba Wani, mdogo wake, ndiye pekee aliyebaki wa tumbo lao. Tulipokimbia vita alikataa kuacha ng'ombe wake. Hatukumwona tena.

Jumanne, 7 Oktoba

Mkutano. Nilieleza kwa nini rangi ianzie juu, isianzie chini. Si kwa ajili ya jina tu. Wazee wengi kwenye picha wana chale kwenye paji la uso, na katika mji huu wa Juba mtu akiona chale zako anajua unakotoka kabla hujamsalimia. Kuna watu walishushwa garini kwa sababu ya paji la uso na hawakupanda tena. Nikasema tufunike. Mtu aonekane mtu kwanza.

Bwana Opio, mkuu wetu, Mganda asiyesifu mtu bure, alipiga meza. "Keji, hii iko na akili." Nimefurahi kutwa nzima. Nimenunua soda baridi pale mtaa wa Amarat nikainywa nimesimama barabarani, natabasamu peke yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwekea Mama programu mpya kwenye simu yake. Alikaa uani, miguu ndani ya beseni la maji kwa sababu ya joto. Alipitisha picha. Akanyanyua simu. Akaiinamisha, akachungulia kwa juu, ungesema anatazama nyuma ya pazia. Nikamwambia hakuna kitu nyuma.

"Hii giza kwa kichwa ya watu, toa."

Nikamweleza sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye hajui kumtafuta mtu asiye na kichwa. Akaendelea kupitisha, taratibu, wazee kwa wazee, hadi picha zikaisha. Hakumwona.

Nimekasirika. Ofisi nzima inasifu, mama yangu ndiye anayeona giza. Nimemwambia nitaangalia, lakini wageni wapite kwanza.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa Mama aliwaonyesha wenzake simu nje ya kanisa. Walipitisha, wakatikisa vichwa. Malesh, malesh, pole sana. Mmoja akauliza kama watu hawa wote wamevaa kofia. Walicheka. Mimi sikucheka.

Mchana, tukichambua mboga, Mama akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kwao, Terekeka, kijana anapochanjwa hatikisiki. Analala chali, anatazama juu, hata kope hapepesi. Hapo ndipo anapoitwa mwanamume. Wani aliruka. Kisu kikateleza, mstari wa tatu ukaenda kando ukashuka mpaka karibu na nyusi ya kushoto. Alitaniwa maisha yake yote. Wasichana walimtungia wimbo. Kuoa kwenyewe alichelewa kwa sababu ya mstari ule.

"Uso inabadilika," Mama alisema. "Ndevu, njaa, uzee. Ile mstari, hapana."

Mimi sina chale. Nililelewa ukimbizini Koboko, Uganda, nikasomea Eldoret, Kenya, paji langu halisemi chochote. Nilifunika nisichokijua.

Nilitaka kuitoa rangi leo leo. Lakini wageni ni keshokutwa na Opio ameshafunga kila kitu, hataki mtu aguse. Nimemwambia Mama avumilie kidogo. Akasema amevumilia tangu tuondoke.

Jumanne, 14 Oktoba

Wageni wamekuja. Wameipenda. Mama mmoja wa Kizungu aligusa skrini yangu akasema inamkumbusha alfajiri. Tukapiga picha za pamoja, tukapelekwa hotelini kula kuku. Nilijisikia mtu mkubwa. Siandiki uongo humu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwomba Opio tuitoe. Amekataa. Wageni wamependa, wewe unataka kubomoa? Kisha akanirudishia maneno yangu ya mkutanoni, moja baada ya jingine: watu walioshushwa garini, mtu aonekane mtu kwanza. Maneno yale ni ya kweli hata leo, na hilo ndilo linanisumbua.

Jioni hii Mama amenipa chakula akaingia ndani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimebeba kompyuta ya ofisi mpaka nyumbani, picha zenyewe zimo ndani, zile zisizofunikwa na buluu. Hairuhusiwi. Wakitaka wanifukuze.

Tumekaa mlangoni jua likiwa bado lipo. Mama amevaa miwani, akafuta skrini kwa pindo la lawa, shuka lake la begani. Mimi nabonyeza, yeye anatazama. Hatazami macho wala mdomo. Anatazama juu. Picha inayofuata, inayofuata.

Akanishika mkono.

Hakulia. Aliweka kidole kwenye skrini, akaufuata mstari wa kwanza, wa pili, halafu wa tatu mpaka pale unapopotea njia na kushuka kwenye nyusi.

"Wani."

Mimi ningempita. Mzee aliyekonda, ndevu nyeupe, mdomo umepinda upande mmoja, shati la mistari. Mahali pa jina wameandika: hawezi kusema. Na shati lile nalikumbuka. Mama alimpita Alhamisi iliyopita, nimekaa naye bega kwa bega, na buluu yangu imemfunika mpaka kwenye nyusi.

Nimepiga simu kituoni, haipokelewi. Wamefunga. Tutapiga asubuhi. Mama ameshatoa begi, anapanga nguo. Ameweka na shati la kiume. Sijui alikuwa amelificha wapi muda wote huu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Alipokea mwanamke mmoja, mpole. Nikamtajia picha. Akaomba tusubiri akaulize. Alirudi na sauti nyingine.

Mjomba Wani alifariki Jumatatu. Alikuwa amepooza tangu walipompokea. Walimzika Jumanne kwa sababu hakuna aliyekuja kumdai.

Jumanne nilikuwa nakula kuku.

Mama aliketi chini, hapo hapo mlangoni. Kilio chake kilipotoka majirani wote walikuja. Mimi nilisimama na simu mkononi. Alhamisi ile alikuwa hai. Jumapili alikuwa hai.

Jumamosi, 18 Oktoba

Turubai limefungwa uani, viti vya plastiki vimeletwa, wanawake wa kanisa wanapika. Kwa Kiarabu chetu cha Juba tunasema bika: watu wanakuja, wanakaa, wanalia na wewe.

Nimemwambia Mama ukweli wote. Kwamba nilijua habari ya ule mstari tangu Jumapili, kwamba ningeweza kubeba kompyuta Jumapili, kwamba nilingoja wageni. Akasema anajua. Hakusema amenisamehe. Akaniambia nikatazame kama maji ya chai yamechemka.

Opio alikuja na sukari na majani ya chai. Alikaa muda mrefu na wanaume. Akitoka akanivuta pembeni. "Weka rangi chini," akasema. Nikamwambia na mimi bado naogopa, siku moja mtu mbaya atazipitisha picha hizi akitafuta chale. Akasema na yeye anaogopa. Tukabaki tumesimama pale karibu na mtungi wa maji.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeihamisha. Sasa rangi inaanzia chini, kifuani, inafifia kabla ya kufika kidevuni. Jina liko pale. Uso wote wazi. Nimewaandikia watu wa vituo kwamba mwenye picha aulizwe kwanza kama anataka paji lake lionekane. Asiyeweza kusema, sijui tumfanyieje. Nimeandika hivyo hivyo: sijui.

Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Hata jenereta haikuzimika. Nimeingia chooni nikalia humo.

Jumatano, 22 Oktoba

Wazee wa Terekeka wamefika leo, wamechoka, vumbi hadi kwenye kope. Walikaa wakanywa chai. Mama akaniita nilete simu niwaonyeshe.

Picha ya Mjomba ipo na rangi mpya. Simu ilipita mkono kwa mkono. Mzee mmoja, rika la Mjomba, aliisogeza karibu na pua. Akaitazama sana. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Huyu aliruka," akasema.

Wakacheka. Wote, mpaka Mama, lawa mdomoni, machozi yanamtoka. Mzee akasimulia walivyolala kwa mstari, yeye karibu na Wani, na damu ilivyomrukia yeye wakati Wani anashtuka. Mwanamke mmoja akakumbuka wimbo wa wasichana, akauanzisha kwa sauti ndogo. Wengine wakaupokea. Toka Ijumaa tumekuwa tukililia picha. Leo ndipo tumemlilia Wani.

Kituo kimetuma picha ya kaburi. Kuna kibao chenye namba. Mama atasafiri wiki ijayo kuweka jina, na mimi nitakwenda naye. Lile shati la kiume bado liko ndani ya begi, hajalitoa.

Usiku unaingia, wageni wengi wameondoka. Mama amesema rangi ni nzuri pale chini. Amesema hivyo tu, akaenda kulala.

Nimeosha vikombe, nimepanga viti. Simu imerudi kwangu mwishoni, skrini imejaa alama za vidole, karibu zote juu, kwenye paji la uso. Sijaifuta.