Watu Wako wa Msituni

Baba,

Jumapili tulifungua kompyuta yako. Mama ndiye aliyetaka. Tulikuwa tumetoka kanisani, mimi nakatakata sukumawiki, naye akasimama mlangoni, kitambaa cha kichwa mkononi, akaniuliza, "Wale watu wa baba yako waliachwa wapi?" Nikaweka kisu chini. Tangu tukuzike hakuna aliyekuwa amegusa ile meza.

Unakumbuka vile ilianza. Kiharusi kilikunyang'anya mkono wa kulia, mkono uliochomelea vyuma kule Magadi miaka yako yote ya kazi, na daktari wa mazoezi akasema tukutafutie kitu cha kushughulisha vidole. Mpira wa kufinya uliutupa chini ya kochi. "Mimi si mtoto." Basi nikakuletea gemu yangu ya vita vya zamani, ya farasi na mikuki na ngome za mawe, nikakushikisha kipanya. Siku za kwanza jeshi lako lilikuwa likitembea moja kwa moja mpaka mtoni.

Halafu ukawapata wao. Kwa gemu waliitwa wahalifu wa msituni: wanaume wasio na ngao wala kofia za chuma, waliotoroka sheria ya bwana wa nchi, wako na upinde na kisu tu. Mimi sikuwa nawachagua kamwe. Farasi wakiwafikia, wamekwisha. Lakini wewe uliona vile wanajificha kati ya miti, wanapiga mishale kutoka mbali, na adui akigeuka wameshahama. Ukacheka, mara ya kwanza tangu utoke hospitali. "Hawa hawasimami kwa laini kama wajinga." Gemu iliruhusu mtu abadilishe jina la kikosi, nawe kwa kidole kimoja, ukitafuta herufi moja moja, ukaandika: Watu wa Matasia.

Kwa sababu Matasia uliyokulia ilikuwa kichaka. Ulinisimulia tukicheza, vile mlikuwa mkipotelea huko na mbuzi kutwa nzima, pahali ambapo sasa ni geti baada ya geti. Na kila mpiga mishale ukampa kesi yake. Huyu alisingiziwa ng'ombe. Yule alikataa kuondoka shambani kwake. Mwenye ndevu alipenda binti wa watu. Nilikuuliza kama hakuna hata mmoja aliyeiba kweli. Ukafikiri kidogo. "Wote wameiba," ukasema, "lakini nawajua."

Mama alikuwa akipita na chai, anasema, "Mzee mzima anaongea na katuni." Lakini aliona mkono wako ukifunguka. Alikuwa anauangalia kuliko mimi.

Siku ya mwisho, kwenye vita vile, mvua ilikuwa inanyesha. Farasi wa bwana walikuwa wanapanda mlima na watu wako wamelala kwenye miti. Ukasema umechoka, nihifadhi hapo. "Wapumzike. Tutamaliza kesho." Kesho yake tulikupeleka hospitali, na hukurudi.

Kwa hivyo tuliwakuta palepale, Baba. Mvua bado inawanyeshea.

Nilidhani tutawaangalia tu. Mama akavuta kiti, akasema, "Wasaidie." Nikaachilia mishale mapema mno. Wewe ungengoja. Farasi wakatuona, wakageuka, na Mama akanishika bega akapiga kelele, "Waambie watoroke! Waambie watoroke!" Nikawatorosha. Wengi walianguka kwenye matope. Wachache wakafika mwisho wa uwanja. Mwenye ndevu sikumwona.

Mama akaanza kulia. Siku ya mazishi alipanga viti, akapakulia wageni, akawasindikiza watu wa Ngong mpaka barabarani, na hakutoa chozi. Sasa alilia mbele ya ile kompyuta mpaka sauti ikamwisha, nami nimemshika, sukumawiki niliyokatakata imenyauka jikoni. Tulikula tumechelewa. Alikula vizuri, Baba. Alikuwa hajala hivyo tangu tukuzike.

Gemu iliniuliza kama nataka kujaza kikosi kwa watu wapya. Nikakataa. Hao hungewajua. Nimewaacha waliobaki kwenye mji mdogo karibu na msitu, na sitawapeleka vita tena. Mama ameanzisha nchi yake mwenyewe kwa gemu. Nisamehe, lakini anapenda farasi. Anasema wamevaa vizuri.

Hapa Kitengela mengine yako vile uliyaacha, vumbi la lori na jirani wa kuimba asubuhi. Kinachonimaliza ni kitu kidogo. Kwa kuwa niko na jina la mama yako, uliniita Maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu, hata ukiwa umenikasirikia. Nimekuwa mama wa mzee tangu nizaliwe. Sasa Mama ananiita Wambui, ofisini naitwa Wambui. Juzi sokoni mwanamume mmoja alimwita binti yake hivyo, Maitu, nikageuka nikiwa tayari kuitika. Halafu nikasimama pale na mfuko wangu wa nyanya, sijui niende wapi.

Lala vizuri, Baba. Kila Jumapili nitakuwa hapa na Mama. Na Mungu akinipa mvulana wa kuitwa jina lako, nakuahidi nitamwita Baba tangu akiwa ananyonya, nimwite mchana kutwa, mpaka siku atakayoitika.

Ni mimi,
Maitu wako