Wimbo wa Kikorea Kwenye Kwaya Yetu

Alhamisi

Sijamwambia mtu yeyote: wimbo mpya wa kwaya haukunijia kwenye maombi. Ni wimbo wa mapenzi wa Kikorea, wa mtindo wa zamani, gita la polepole na mwanamume anayeimba kama anaogopa kuamsha mtoto.

Juzi nilimwimbia Wandera, mpiga kinanda wetu, bila maneno, kwa sababu mdomo wangu hauwezi kumwambia lililo moyoni. Akautafuta kwa vidole mpaka akaupata. Nilifikiri ameelewa.

Mara mwalimu wa kwaya akaingia. "Taaka, wimbo hii umetoa wapi? Hii ni ya kanisa kabisa!"

Nikadanganya kwamba umenijia kwenye maombi.

Leo mwalimu ameutia maneno ya Mchungaji Mwema, na sehemu ya kuimba peke yako amempa dada yangu Ajiambo. "Wewe sauti yako inajificha kama panya," akaniambia. Watu wakacheka. Wandera pia.

Ajiambo akaimba akimtazama Wandera, na Wandera akapiga akimtazama Ajiambo. Wimbo wangu!

Nikisema ukweli, wimbo utatolewa kanisani na mimi nitaitwa mwongo wa kutumia jina la Mungu. Nikinyamaza, nitawatazama hivyo kila Jumapili nikiwa mstari wa nyuma.

Ndala za Ajiambo hizo, zinakuja. "We Taaka, fungua! Nifundishe pale sauti inapopanda juu, panacheza na mimi."

Naficha daftari hili chini ya godoro. Nitamfundisha vizuri kabisa, maana akikosea, ni Wandera atakayemsogelea kumrekebisha.