Gesi Chini ya Chumba cha Mama

Dar es Salaam

Kaka Alban,

Shikamoo. Nimeandika barua hii kwa kuwa marehemu Baba hakutulea tupitane kama mbuzi, si kwa kuwa hasira zimekwisha. Mzima wewe? Wifi Mama Hilda na watoto wazima? Mimi huku mwili mzima; roho ndiyo chafu, na aliyeichafua ni wewe. Simu zangu hupokei na wifi umemkataza kuzipokea, basi barua hii nimempa mtu anayeshuka Masasi akukabidhi mkononi. Isome mpaka mwisho. Ukiichana, maneno haya haya utayasikia kwa watu.

Nimepata habari kwamba umeutangazia mtaa mzima wa Lisekese kuwa nilikuja Pasaka kuitia nuksi nyumba yako. Hata kanisani umeyasema. Eti mdogo wako hajaolewa, hajajenga, kaja na wivu wake kwenye begi. Sasa sikiliza kilichokuwamo kwenye begi lile.

Kazi yangu huku unaijua kwa jina tu: usalama. Tunajenga maduka kwenye kiwanja kilichokuwa jalala. Taka zikifukiwa zikaoza bila hewa, zinatoa gesi ya methani. Yenyewe haina rangi wala harufu. Inapanda, inapenya kwenye nyufa, inajikusanya mahali palipofungwa, kisha inangoja cheche. Kila asubuhi, kabla mafundi hawajashuka mashimoni, mimi nateremsha mpira wa kipimo cha gesi. Kikilia, hashuki mtu mpaka tupulize hewa na kupima tena.

Siku moja msimamizi wetu alichoka kungoja. "Jana ulipima, leo unapima nini tena? Huoni mvua inakuja?" Akamwamuru Kasimu, fundi wa kuchomelea, ashuke. Nilipiga kelele, akanicheka. Kasimu alipowasha tu, moto ukaruka shimoni kama umetemwa. Alipona, ila vidole vya mkono wa kulia vimegandana. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta mkewe anamlisha ugali, tonge kwa tonge, naye kageuzia uso ukutani nisimwone akitafuna. Msimamizi alifukuzwa kazi. Vidole havikurudi.

Ndiyo maana Mama aliponiambia kwenye simu, "Mwanangu, mvua ikinyesha, maji ya hapa mlangoni kwangu yanachemka bila moto," nilijua ni nini. Wewe ulimwambia ni vyura. Vyura! Kiwanja kile tunakijua sote, Alban. Walichimba udongo wa moramu wa kutengenezea barabara, shimo likabaki wazi, watu wakalijaza taka za sokoni na mabibo yaliyooza miaka nenda miaka rudi, mpaka pakawa tambarare. Wewe ukamwaga udongo juu, ukajenga, ukamweka Mama kwenye chumba cha kwanza kilichokwisha. Nikamwomba injinia wetu kipimo, nikapanda basi.

Nilipofika, wakwe zako walikuwa wamekaa barazani, Fundi Saidi anapiga plasta. Nilichuchumaa kwenye ufa wa sakafu chumbani kwa Mama, kipimo kikalia mpaka kuku wakakimbia. Na Mama, kwa sababu ya mvua, alikuwa na jiko la mkaa humo humo ndani, kabandika mbaazi. Nikamwambia, "Mama, nakuomba, litoe jiko nje." Wewe ukaja mbio.

"Zima hilo dude! Unanivunjia heshima mbele ya wakwe zangu?"

"Kaka, kuna gesi chini ya sakafu. Njoo utazame mwenyewe."

"Nyumba yangu, halafu wewe ndiye wa kunifundisha? Wenzako wanajenga, wewe unanusa nyufa kama mbwa!"

Fundi Saidi akasema taratibu, "Baba Hilda, hata mimi tulipochimba msingi hapa kichwa kiliniuma sana. Tumsikilize." Ukamjibu kwamba akitaka kazi afunge mdomo. Kisha ukakipiga kipimo teke, ukalitupa begi langu barabarani, ukamgeukia mzazi wetu: "Mama, chagua. Huyu au nyumba."

Mama alilibeba jiko lake na moto wake, akalitoa nje mvuani. Hilo lilikuwa jibu, ukajifanya hukuliona. Mimi nililia njia nzima mpaka Nanganga, abiria wakidhani nimefiwa.

Na nilipoondoka ulifanya nini? Uliziba nyufa kwa saruji. Ukaziba na matundu ya hewa juu ya dirisha, eti Mama asipate baridi. Gesi haikuondoka, ilitafuta njia nyingine, ikatokea pembeni ya bomba linaloingia ukutani. Umeme ulipokatika magharibi moja, Mama akawasha kiberiti atafute khanga yake. Moto ukapita ukutani, ukala pazia, ukala nyusi zake na ngozi ya mkono. Majirani ukawaambia kibatari kimeanguka. Kibatari kipi, mwongo wewe? Wifi ndiye aliyenipigia, kwa simu ya jirani, analia hata maneno hayatoki. Ole wako umguse kwa hilo.

Ndiyo, mimi ndiye niliyemwambia Mama Mdogo aje amchukue Mama. Sasa yuko kwake Mkunya, mkono unapakwa dawa, na chakula anakula. Ukamfuata Mama Mdogo hadi uani kwake ukamtukana mbele ya wajukuu. Hujaona haya. Na sasa nasikia vyumba vile unataka kuwapangisha walimu wapya. Watoto wa watu, Alban! Nimeshampigia simu mhandisi wa halmashauri, atakuja kupima. Usimsingizie Fundi Saidi wala mtu mwingine. Ni mimi.

Dawa ipo, ungeuliza ningekupa bila kelele. Vunja sakafu. Toa taka zote zinazofikika, mwaga kokoto, laza humo mabomba yenye matundu na uyapandishe mpaka juu ya paa, gesi itokee huko. Juu ya kokoto tandika nailoni nzito isiyo na tundu hata moja, ndipo umwage zege. Zibua matundu ya hewa uliyoyaziba. Halafu papimwe, na papimwe tena kiangazi na masika, si mara moja ya kuonyesha watu. Fundi Saidi nimemweleza, ameelewa, yuko tayari ukimwita kwa adabu. Ukiona ni kazi kubwa, bomoa. Njia ya tatu hakuna.

Nisalimie wifi, anayekuvumilia kuliko unavyostahili. Nisalimie Hilda na wadogo zake, na shangazi yetu wa kwaya. Wakwe zako waambie sikuja kuwaaibisha wao. Fundi Saidi mpe pole kwa maneno uliyomtolea.

Jana nilimwuliza Mama ana neno gani la kukuambia. Akasema, "Mwambie Alban ni mwanangu na nampenda. Ila humo sirudi, hata kufuata nguo zangu."

Mimi mdogo wako, nisiyekuomba radhi,

Edith