Kanga Ndani ya Ndoo

Nizwa, 4 Oktoba 2024

Mama yangu, shikamoo. Vipi miguu yako, na presha? Mimi mzima, ila Jumatano nilitokwa na damu, bila maumivu yoyote. Daktari kapima: kondo la nyuma liko mahala pake, chanzo hakikuonekana. Mimba ina wiki thelathini na mbili. Kasema mtoto anaweza kuja mapema na akawa mdogo, kwa hivyo nisisafiri, na damu ikirudi nikimbilie hospitali saa ile ile. Kuja kuzaa kwako Aija, huko Sur, basi tena. Usinikasirikie.

Mwanao, Mazoon

Sur, 5 Oktoba

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako umenifikia simuni. Miguu ndiyo hiyo, inanibeba. Sasa kama daktari hakuona kitu, si hakuna kitu! Mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mamaake. Kitanda nishatandika, samli nishaitia dawa. Ijumaa mjomba'ko Nadhir atakufuata na gari, ataendesha taratibu. Na hiyo damu usimtangazie mtu, hata mumeo Hamed, hata wakwe zako. Macho ya watu, mwanangu. Ikirudi kidogo, lala, itakata.

Mama'ko

Nizwa, 10 Oktoba

Mama, shikamoo. Damu ilirudi Jumatatu. Nikalala, kama ulivyosema. Nikafua kanga zangu mwenyewe, Hamed akiniuliza namwambia ni uchovu. Jana kazikuta ndani ya ndoo, kanibeba mpaka hospitali, wakanipasua. Mtoto wa kike, kilo moja na nusu. Yumo kwenye sanduku la kioo, mashine inamsaidia kupumua. Alikuwa amepungukiwa na damu, wameshamwongeza. Daktari aliponiuliza imeanza lini, nilisema leo. Nilimdanganya, Mama, mtoto wangu akiwa tumboni! Hamed alinitazama mpaka nikasema kweli. Sijui kama ataishi.

Mazoon

Sur, 10 Oktoba

Mwanangu, sistahiki shikamoo yako. Kabla yako nilizaa mtoto wa kiume. Nami nilitokwa na damu, mama mkwe akanambia nyamaza, nikanyamaza. Mtoto alilia mara moja tu, hakufika adhuhuri. Miaka thelathini na mbili sijamwambia mtu, kisha nikakupa wewe maneno yale yale. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio nilikisikia nisijifunze. Ole wangu! Waambie madaktari kila kitu, na hili langu pia. Kesho Nadhir atanileta mimi huko. Arubaini yako nitakaa nawe huko huko.

Mama'ko

Nizwa, 11 Oktoba

Shikamoo, Mama. Utaipokea tu. Asubuhi wamemtoa kwenye mashine kwa muda, kapumua mwenyewe. Daktari hasemi zaidi ya inshallah. Nimemweleza yako, kayaandika. Nilikuwa na hasira nawe, bado ninayo kidogo, lakini njoo. Hamed anataka kuchinja akika siku ya saba: mbuzi mmoja wa binti yake, na wawili wa kaka yangu, kwani hakuchinjiwa. Anauliza amtaje nani. Alikuwa na jina, Mama?

Mwanao, Mazoon

Njiani, 11 Oktoba

Marahaba, mwanangu. Sinan. Nilimpa mwenyewe, nikamwita sikioni angali hai. Hakuna mwengine aliyelisikia. Tumeshapita Ibra. Nadhir ananiuliza nalilia nini, nami ninamwambia.

Mama Sinan