Skola Hapigi Mluzi kwa Watu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta ya Skola imekufa! Moshi kidogo, harufu ya mpira, basi.

Tangu nimzike binti yangu huyu, kila asubuhi naiwasha kabla ya chai. Programu aliyoiandika inauliza: Hodi? Nabonyeza kitufe chochote — ndiyo karibu yangu. Inaandika: Nipo kwetu. Halafu inapiga mluzi. Ule ule wangu wa ufukweni Kibirizi, niliomwitia alete beseni mtumbwi wa dagaa ukifika. Mbili fupi, moja ndefu inayopanda. Kwenye kispika kile unasikika kama ndege mwenye mafua.

Leo nyumba kimya. Flashi yenye programu ni nzima, namshukuru Mungu.

Jumatano, 11 Juni 2025

Bodaboda hadi Gungu, kwa Yasmini aliyesoma na Skola chuoni. Shikamoo Baba, machozi kidogo, maandazi. Akachomeka flashi kwenye laptop yake, akaifungulia programu ndani ya mashine ya kuigiza — kompyuta ya uongo inayokaa ndani ya ile ya kweli.

Hodi? Nikabonyeza.

Nipo kwa watu. Sipigi mluzi.

Yasmini alicheka mpaka akashika meza. Huyu Skola, jamani! Akanieleza: ameiandika kwa asembli, lugha ya kompyuta ya chini kabisa. Hakuna Windows wala yeyote wa kuiambia ipo wapi, lazima ijitafutie. Inaiuliza mashine jina lake, inapima mapigo yake. Yakisuasua, inajua imo ndani ya kompyuta ya kuigiza.

Nikacheka pia. Skola alipokuwa mdogo, tulimtembelea shangazi yake Leonia kule Simbo, akapiga mluzi sebuleni. Nikamwambia, mama, kwa watu hatupigi mluzi. Alininunia njia nzima. Kumbe neno lile alilihifadhi!

Yasmini akasema anaweza kufuta amri moja tu, na programu itaona kila mahali ni kwao. Nifute, Baba?

Nilitamani mno kuusikia ule mluzi. Lakini nikakumbuka hospitali. Kila Skola akizinduka: Baba, tupo wapi? Leonia alitaka niseme tupo nyumbani. Nilimwambia kweli, tupo hospitali. Akanishika kidole, akalala.

Usifute, nikamwambia.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Yasmini amekuja na kompyuta kuukuu, ya kweli, haina nyingine ndani yake. Ameiweka kwenye meza ya Skola, juu ya kitambaa alichofuma Skola mwenyewe. Haahidi kitu. Skola hakuwahi kuiona mashine hii. Huenda programu ikapima vibaya ikadhani ipo kwa watu. Na kispika nacho cha zamani.

Imewaka. Hodi?

Nimeomba niandike haya kwanza. Yasmini yupo uani anageuza migebuka, samaki wa ziwani, kwenye jiko, anapaza sauti: Baba, mgeni anasimamishwa mlangoni mpaka lini? Mwache asimame, nimemjibu. Skola mwenyewe nilikuwa nikimwita, anamalizia kwanza kusuka nywele!

Tumecheka wote wawili, yeye kule, mimi huku.

Nimesema karibu, mama. Kwa mdomo, kana kwamba mashine ina masikio. Neno Hodi bado limesimama pale kiooni, linasubiri.

Kidole kipo juu ya kitufe. Midomo nimeshailoanisha. Ikikataa kupiga mluzi, nitapiga mimi — hapa ni kwetu.